Mathias Mnyampala: Hakimu kutoka Ugogo aliyetuachia ngonjera

Mwezi wa tisa ukiingia, pita jirani na shule yoyote ya msingi hapa Kalangalala, au katika vijiji vya Geita, vipindi vya mchana vikiisha. Utasikia watoto wakikariri beti, mmoja akiuliza, mwenzake akijibu, na mwalimu akiwakatiza ili warudie. Ni msimu wa mahafali. Darasa la saba wanamaliza, kidato cha nne wanafuata, na tarehe 14 Oktoba ni kilele cha mbio za Mwenge wa Uhuru. Ni nadra katika shughuli hizo mgeni rasmi kupewa kipaza sauti kabla wanafunzi hawajapanda jukwaani na ngonjera yao.

Kwa familia nyingi zinazoishi mbali na mjini, hilo ndilo jumba lao la maonyesho. Hakuna tiketi. Viti vinatolewa madarasani, wazee wanakaa mbele kwenye kivuli, watoto wadogo wanakaa chini, na wengine wanatazama wakiwa juu ya baiskeli zao. Kuna ngoma, kwaya na igizo la kuchekesha. Halafu mshereheshaji anawaita vijana wa ngonjera, na uwanja unatulia.

Wengi wetu tumepita kwenye jukwaa hilo. Tumekariri, tumetetemeka, tumesahau ubeti wa tatu, tumepigiwa makofi hata hivyo. Lakini ukimuuliza mzazi au mwalimu ngonjera ilitoka wapi, huenda akakujibu kwamba ilikuwapo siku zote. Haikuwapo siku zote. Mtu anayetajwa kuwa mwasisi wake ni Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma, karani na baadaye hakimu. Alifariki mwaka 1969, kabla ya kitabu chake cha kwanza cha ngonjera kutoka kiwandani.

Kuzaliwa mwanzoni mwa njaa

Mathias Eugen Mnyampala alizaliwa tarehe 18 Novemba 1917 katika kitongoji cha Muntundya, eneo la Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Ulikuwa wakati mbaya wa kuzaliwa Ugogo. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imepita hapo. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, na Waingereza walipoiteka Dodoma mwaka 1916 nao wakachukua. Mvua zilipokosekana, hapakuwa na akiba ghalani wala mifugo ya kuuza.

Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa kwamba katika watu wapatao 150,000 wa eneo hilo, 30,000 walikufa. Watoto waliozaliwa miaka hiyo na kubaki hai walikua wakisikia habari zake kwa wazazi wao, kama wazee wetu wa Usukuma walivyokuwa wakihesabu miaka kwa njaa na kwa nzige.

Mathias alikulia katika maisha ya wakulima na wafugaji. Alichunga mifugo kama watoto wengine wa Kigogo, na masomo aliyapata kwa wamisionari wa Kanisa Katoliki. Kwa mtoto wa mfugaji wa enzi hizo, kwenda shule hakukuwa jambo la kawaida. Mkono wa kuchunga ulihitajika nyumbani, na mzazi hakuona herufi zingemsaidia nini mtu mwenye ng'ombe. Wasomaji wa Geita wenye umri mkubwa wataielewa hali hiyo bila maelezo, kwa sababu hata huku mvutano wa zizi na darasa umewahi kuzitesa familia nyingi.

Alijifunza kusoma na kuandika, akawa mwalimu kwa muda, kisha akaingia kwenye kazi za serikali. Alianza kama karani. Baadaye akawa hakimu.

Kalamu ya mtu wa ofisini

Kazi ya ukarani ilimpeleka sehemu mbalimbali na ikamweka karibu na wazee, watemi, wenye kesi na wenye malalamiko. Aliyoyasikia hakuyaacha yapotee. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ndani yake aliandika asili ya koo, utawala wa watemi, ndoa, jando, mifugo na matambiko, kama yalivyoelezwa na watu wenyewe. Zaidi ya miaka 40 baadaye, mwaka 1995, kitabu hicho kilitolewa pia kwa Kiingereza, na wanahistoria wanaendelea kukitumia hadi leo.

Lakini alichokipenda zaidi ni ushairi. Zamani hizo, kabla ya simu za mkononi, washairi wa Tanganyika walikutana magazetini. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa na nafasi ya mashairi. Mtu wa Tanga aliandika swali kwa shairi, mtu wa Ujiji akalijibu, mtu wa Dodoma akaingilia kati. Malumbano ya namna hiyo yaliweza kuendelea kwa miezi, na wasomaji waliyafuatilia kama watu wa leo wanavyofuatilia ligi.

Mnyampala aliingia kwenye ukumbi huo akiwa na mambo mawili yaliyomtofautisha na wengi. Hakutoka pwani, na hakuwa Mwislamu. Ushairi wa Kiswahili ulikuwa umekulia Lamu, Mombasa, Pemba, Unguja na Tanga, mikononi mwa watu waliosoma madrasa na ambao Kiswahili ilikuwa lugha yao ya nyumbani. Yeye lugha yake ya kwanza ilikuwa Kigogo. Ilimbidi ajifunze vina na mizani kama fundi anavyojifunza kazi kwa wenyewe, na alijifunza kiasi cha kukubalika nao. Alikuwa mtu wa kizazi kimoja cha washairi na Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na Saadani Kandoro wa Ujiji, ambaye watu wa Kanda ya Ziwa walimfahamu alipokuwa kiongozi wa chama cha TAA mjini Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Mwaka 1963 ilitoka Diwani ya Mnyampala, mkusanyiko wa mashairi yake. Mwaka huohuo ulitoka utenzi wake wa Enjili Takatifu, ambamo alichukua habari za Yesu na kuziweka katika beti za Kiswahili, kwa mtindo ambao kwa karne nyingi ulikuwa umetumiwa kusimulia habari za Mtume Muhammad na vita vya Uislamu. Zaburi nazo akazifanyia utenzi. Alionyesha kwamba chombo kilichochongwa pwani kinaweza kubeba mzigo wa mtu wa bara, na kisivunjike.

UKUTA na Azimio

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, washairi walikuwa na chama chao cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, ambacho kifupi chake ni UKUTA. Mnyampala alikuwa mmoja wa viongozi wake wakuu. Kiswahili kilikuwa kimepanda hadhi, na waliokijua vizuri walitakiwa kukifanyia kazi.

Kazi yenyewe ilikuja mwaka 1967. Tarehe 5 Februari mwaka huo, Azimio la Arusha lilitangazwa. Kesho yake mabenki yakataifishwa, na mengine yakafuata. Azimio lilisema njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa umma. Viongozi walikatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni au kuwa na nyumba za kupangisha. Lilisema pia kwamba maendeleo ya nchi yataletwa na watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, wala si fedha za kuomba.

Lakini nani angelisoma? Watu wazima wengi vijijini walikuwa hawajui kusoma. Redio zilikuwa chache, na kijiji kizima kiliweza kuwa na moja. Maneno yenyewe yalikuwa mapya masikioni: ujamaa, ubepari, unyonyaji, kujitegemea, kabaila. Mtu alilisikia neno kwenye mkutano wa hadhara, akapiga makofi, akarudi nyumbani bila kulielewa.

Mwaka 1968, Mwalimu Nyerere alikutana na washairi jijini Dar es Salaam, akawaomba waende kulieleza Azimio kwa wananchi kupitia kazi yao. Mwalimu mwenyewe alikuwa mshairi na mpenzi wa michezo ya jukwaani. Miaka mitano kabla ya hapo, akiwa Rais, alikuwa ametafsiri kwa Kiswahili mchezo wa Shakespeare unaomhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 ilitoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Alijua kwamba neno lililopangwa vizuri hukaa kichwani kuliko hotuba.

Washairi wengi waliitikia kwa njia waliyoizoea, yaani kutunga na kupeleka magazetini au redioni. Mnyampala alifanya jambo la ziada. Aliyatoa mashairi kwenye karatasi, akayasimamisha jukwaani.

Ngonjera inavyofanya kazi

Wazo lake lilikuwa rahisi, na ndiyo sababu liliweza kusambaa. Shairi la kawaida lina sauti moja. Lina beti zenye mishororo minne, kila mshororo una mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na vina vya kati na vya mwisho vinafuatana. Mnyampala aliuacha ufundi huo kama ulivyo, akagawa sauti. Ubeti mmoja anasema huyu, unaofuata anasema yule. Malumbano ya magazetini yaliyokuwa yakichukua miezi sasa yakamalizika katika dakika 10, mbele ya watu, wahusika wakitazamana.

Mara nyingi mmoja ni mtu asiyeelewa au asiyekubali. Analalamika, anauliza, anadharau. Mwingine anajua, naye anajibu hoja kwa hoja. Wanaweza kuwa wawili, wanaweza kuwa kundi kwa kundi. Mwishoni yule aliyekuwa anapinga anaridhika, na wote wanamaliza kwa ubeti wa pamoja.

Faida zake zilionekana mara moja. Haikuhitaji jengo, pazia wala taa. Mti na uwanja vilitosha. Mavazi yalikuwa yale yaliyopo kijijini: kofia na tai kwa anayeigiza bepari, jembe begani kwa anayeigiza mkulima. Mtoto asiyeweza kukumbuka hotuba ya ukurasa mmoja aliweza kukumbuka beti tano, kwa sababu vina vilimshika mkono. Akisahau neno, mdundo wa mizani ulimwambia kwamba kuna kitu kimekosekana. Na msikilizaji asiyejua kusoma alirudi nyumbani na mistari miwili au mitatu kichwani.

Huku kwetu, watu hawakuhitaji kufundishwa uhondo wa pande mbili. Kwa vizazi vingi, ngoma za Wasukuma zimekuwa za mashindano kati ya Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno pande hizo mbili hucheza siku moja katika uwanja mmoja, kila upande na manju wake, dawa zake na mbwembwe zake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Msukuma anayetazama ngonjera anaelewa mara moja kwamba hapa pia pana pande mbili zinazoshindania umati.

Wala si vigumu kumwona hakimu ndani ya kazi hii. Mtu aliyekaa mahakamani, akasikiliza mlalamikaji kisha mlalamikiwa, mmoja baada ya mwingine, anajua kwamba watu hutega sikio zaidi palipo na ubishi. Mahakama ya kijijini ilikuwa tayari mchezo wa jukwaani. Mnyampala aliipa vina.

Kifo, kisha vitabu

Hakuishi kuona mti wake ukizaa. Mathias Mnyampala alifariki dunia Dodoma tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, na cha pili mwaka 1971.

Vitabu hivyo viliingia shuleni wakati mwafaka. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilikuwa inaanza kutekelezwa. Mwaka 1970 ulikuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kuzunguka redio vijijini kujifunza kuchimba vyoo na kuchemsha maji, ikawafikia watu wapatao milioni mbili. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, na baada yake elimu ya msingi kwa wote. Kila kampeni ilihitaji msemaji, na ngonjera ilikuwa tayari. Walimu walijifunza mtindo kutoka vitabuni, kisha wakaanza kutunga za kwao: za kilimo cha kisasa, za kipindupindu, za kisomo, za kumkaribisha mkuu wa wilaya.

Redio Tanzania Dar es Salaam nayo ilikuwa na kipindi cha mashairi, Malenga Wetu, na watu walikuwa wakikaa kimya kukisikiliza jioni kama wanavyokaa kimya kwa taarifa ya habari.

Hivyo ndivyo ngonjera ilivyopoteza jina la mwenyewe. Iliposambaa sana, watu waliacha kuuliza ilianzia wapi. Mnyampala aliacha pia maandishi juu ya maisha yake mwenyewe, lakini hayo yalikaa miongo zaidi ya minne kabla ya kuchapishwa.

Lawama iliyofuata

Itakuwa si haki kumsimulia mtu huyu kwa sifa tupu, kwa sababu urithi wake una ubishi, na ubishi huo unatuhusu sisi tunaoenda kutazama.

Wakati Mnyampala anafariki, ndani ya mwaka huohuo wa 1969, ulichapishwa mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, unaohusu vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Katika mchezo huo, kiongozi anayewapa watu maji ya kuwakinga na risasi anafika mahali anayatilia shaka maji yenyewe. Mtazamaji anatoka ukumbini akiwa na swali. Katika ngonjera nyingi za miaka ya 1970, mtazamaji alitoka na jibu, na jibu hilo alikuwa amelijua kabla hajaketi.

Wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando na Amandina Lihamba, walilichunguza jambo hilo. Waliona kwamba ngonjera iliwapa wananchi wa kawaida sanaa ya jukwaani isiyo na gharama, na hilo halikuwa jambo dogo. Lakini waliona pia kwamba polepole iligeuka kuwa tarumbeta ya serikali. Mhusika anayepinga aliwekwa pale ili ashindwe. Alipewa hoja dhaifu, akajibiwa kwa kaulimbiu, akaomba msamaha. Sera ilipokuwa na kasoro, ngonjera haikuwa na pa kuisemea. Mkulima aliyehamishwa kwa nguvu mwaka 1974, akaacha nyumba na migomba yake, hakuwa na ubeti wake.

Je, lawama hiyo ni ya Mnyampala? Kwa kiasi fulani ndiyo. Yeye ndiye aliyeitunga kwa ajili ya kuhubiri Azimio, na hakuficha. Aliliamini, kama walivyoliamini maelfu ya watu wa kizazi chake, waliokuwa wameona njaa na ukoloni wakafikiri wamepata njia ya kutoka. Lakini mtindo alioubuni ulikuwa mpana kuliko kazi aliyoupa. Mtu anayempa mpinzani nusu ya jukwaa amefungua mlango, hata kama yeye mwenyewe hakuupita.

Mlango ulivyofunguliwa Malya

Mfano wa kupita mlango huo haukuwa mbali na sisi. Mwaka 1982 na 1983, wataalamu haohao wa Chuo Kikuu walikwenda katika kijiji cha Malya, wilayani Kwimba, mahali panapojulikana leo kwa chuo cha michezo. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa tayari. Walikaa na wanakijiji, wakawauliza ni jambo gani linawasumbua. Yaliyojitokeza yalihusu vijana: kukosa kazi, na mimba za wasichana wa shule.

Badala ya kuleta mtindo mgeni, walitumia ngoma wanayoijua vijana wa Kisukuma, wigashe, inayochezwa watu wakiwa wamekaa. Ndani ya ngoma wakaingiza igizo, na baada ya igizo wakaacha watu wazungumze. Wazazi waliwasikia watoto wao wakisema mambo ambayo nyumbani hawayasemi. Hapakuwa na mhusika aliyepangiwa kushindwa.

Mtindo huo ukaja kuitwa sanaa za maonyesho kwa maendeleo, na mashirika mengi yanautumia siku hizi kuzungumzia UKIMWI, malaria na ndoa za utotoni. Lakini haukuifuta ngonjera. Shuleni, mwezi wa tisa unapofika, mwalimu mwenye siku 10 za maandalizi na watoto 8 bado anakimbilia mtindo wa Mnyampala.

Unapoketi kutazama msimu huu

Basi utakapokwenda kwenye mahafali ya mwanao mwaka huu, tazama mambo matatu.

La kwanza ni ufundi. Hesabu mizani kwa vidole kama walivyofanya wazee. Nane, nane. Ubeti ukipungua au kuzidi, utausikia ukichechemea hata bila kuhesabu. Mtunzi aliyechoka huanza kujaza maneno yasiyo na kazi ili vina vikae. Mnyampala, ambaye Kiswahili alijifunza, asingemruhusu mtoto wa leo apite na kina kibovu.

La pili ni mwili. Ngonjera ilitolewa kwenye karatasi ili isimame. Watoto wakipanga mstari mmoja, mikono imenyooka, macho yanatazama mbali juu ya vichwa vya wazazi, hiyo imerudi kuwa shairi la kusomwa. Anayeuliza amtazame anayejibu. Anayelalamika aonekane analalamika.

La tatu, na hili ndilo kubwa, msikilize yule anayepinga. Tuchukue jambo linalotugusa hapa Geita: watoto wanaoacha shule kwenda machimboni. Mwalimu anaweza kutunga ngonjera ambamo kijana wa machimboni ni mpumbavu, mlevi, anayeshindwa katika ubeti wa pili. Wazazi watapiga makofi, na hakuna mtoto hata mmoja atakayebadili mawazo.

Au anaweza kumpa kijana huyo hoja zake za kweli. Aseme kwamba kaka yake alimaliza kidato cha nne na yuko nyumbani. Aseme kwamba siku moja ya kubeba mawe kwenye duara au kusaga kwenye karasha inaleta unga nyumbani leo, na daftari haliletei mtu unga. Aseme kwamba mama anamtegemea. Hapo mwenzake atalazimika kutafuta majibu: maduara yanayobomoka, zebaki inayoingia mwilini kidogo kidogo, dhahabu inayopatikana wiki moja na kukosekana miezi mitatu, msomi wa madini anayeajiriwa huku mbeba mawe akitazama. Atatoka jasho kumjibu, na mtoto aliyeketi chini, ambaye moyoni amekwisha panga kuondoka Jumatatu, atakuwa amesikia mawazo yake mwenyewe yakijibiwa kwa heshima.

Hakuna kinachomzuia mwalimu kufanya hivyo. Mizani ni ileile, vina ni vilevile, jukwaa ni lilelile. Kinachohitajika ni kumwamini mpinzani kiasi cha kumpa beti nzuri.

Na kama kuna nafasi kwenye ratiba, mshereheshaji anaweza kuongeza sentensi moja kabla watoto hawajapanda: kwamba mtindo huu unatokana na kazi ya Mathias Mnyampala, mtoto wa wafugaji wa Ihumwa aliyezaliwa mwaka wa Mtunya, akawa karani, akawa hakimu, na hakuwahi kukishika mkononi kitabu chake cha ngonjera. Watoto 8 walio nyuma ya jukwaa, wanaorudia beti kimoyomoyo, watajua wanabeba kazi ya nani.